Brashi ya Boa na Madirisha ya Msikiti

Kabla hujanunua brashi ya mpini wa maji, ile ya kuoshea vioo vya juu, iloweshe. Mwenye duka akinuna, mwambie nimekutuma mimi, na akizidi kununa ondoka. Brashi kavu hudanganya. Dukani unaishika mkononi unaiona nyepesi kama sufi, lakini ikishakunywa maji na kukaa kwenye ncha ya mpini, huko juu ghorofa ya pili, itakuvuta mabega mpaka ukirudi nyumbani ushindwe kumpakata mtoto. Ichovye kwenye ndoo, ikung'ute mara moja, kisha ifunge kwenye mpini na uunyooshe mpini wote. Hapo ndipo utajua umeshika nini.

Ninyi mnaoosha vioo vya majengo ya mjini, na ninyi mnaopanda gari la kiwanda cha gesi cha Madimba kila asubuhi, mmenisumbua muda mrefu niandike ninayoyajua juu ya brashi. Nimewakwepa. Mara nimesema macho yananiuma, mara nimesema nimesahau. Sijasahau kitu. Nashindwa tu kuzungumzia brashi bila kufika mahali ninapoona aibu, na aibu yenyewe haijapoa mpaka leo, ingawa wengi walioishuhudia wametangulia mbele ya haki. Basi someni, mkicheka chekeni, lakini msije kunisimulia mlivyocheka.

Miaka ya tisini, nilipoanza, mpini wa maji hatukuujua. Tulikuwa na ngazi ya miti, ndoo, matambara na magazeti ya zamani. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Agostino, Mmakonde ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kulima upande huu. Alikuwa mfupi, mwenye chale usoni, mpole kwa watu na mkali kwa vifaa. Kila brashi mpya aliisugua kwanza kwenye shavu lake. Ikimkwaruza aliirudisha dukani bila maneno mengi.

Mwezi wangu wa kwanza alinipa madirisha ya ghala moja la korosho. Wale mliowahi kuosha vioo karibu na mahali panapobanguliwa korosho mnajua ule moshi unavyoacha mafuta, yananata, na vumbi jekundu linakuja kukaa juu yake. Nikasugua kwa brashi ya kawaida, haitoki. Nikajiona mjanja, nikachukua waya wa kusugulia masufuria. Mafuta yalitoka yote, na kioo kikabaki na mikwaruzo kila mahali. Mzee Agostino hakunigombeza. Alinisimamisha nyuma ya kile kioo akaniuliza naona nini.

"Naona barabara, mzee."

"Unaona barabara yenye mvi," akasema. "Kila ukipita hapa utaiona."

Na kweli niliiona kila nilipopita, mpaka ghala likavunjwa. Kwa hiyo mafuta ya korosho yalainisheni kwa maji ya sabuni ya moto, muyape muda, kisha mtumie brashi yenye nyuzi fupi na ngumu kiasi. Ngumu kiasi, sijasema ngumu. Kwa chumvi ya baharini na vumbi la kawaida, chukueni nyuzi ndefu na laini. Madirisha yetu mengi yana nondo, kwa hiyo msishawishike na brashi pana eti inamaliza kazi upesi. Brashi pana haipiti kwenye nondo, na upepo wa mchana unaipiga mpaka mpini unayumba. Kwa nyumba za luva chukueni nyembamba kabisa, ile inayoingia kati ya kioo na kioo. Na tazameni matundu ya maji yako wapi. Yakiwa katikati ya nyuzi, maji yanafika kwenye kioo. Yakiwa pembeni, maji yanakumwagikia wewe, na watu wanaokutazama watakuombea dua.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, gesi ya Mnazi Bay ilileta wageni na kambi zao, na mimi nikapata kibarua cha kuosha vioo vya ofisi zao. Huko ndiko nilikoona mpini wa maji kwa mara ya kwanza. Ni mpini wa faiba, mwepesi, unaorefuka kwa kuchomoka kipande baada ya kipande, na ndani yake unapita mpira wa maji mpaka kwenye brashi. Unasimama chini na kioo kiko juu. Mtu wa ngazi kama mimi niliona muujiza. Msimamizi wetu, Mzungu mmoja mwembamba asiyependa kusema, alinifundisha kwa ishara, na kazi yao ilipokwisha akaniachia mpini mmoja pamoja na brashi tatu.

Mbili zilikuwa za nailoni, nzuri tu. Ya tatu ilikuwa na nywele nyeusi zenye wekundu kwa mbali, na kwenye ubao wake yalichongwa maandishi makubwa: BOAR. Kiingereza changu kilikuwa cha yes na no, kwa hiyo nikajua ndilo jina la kiwanda. Nikaiita Boa.

Sijapata brashi nyingine kama ile na sitaipata. Nailoni huteleza juu ya kioo kikiwa na mafuta, lakini Boa ililamba. Ilibeba maji na kuyaachia kidogo kidogo. Kila unywele ulipasuka kwenye ncha ukawa vijinywele viwili vitatu, na mimi nilikuwa nawaonyesha watu zile ncha, nawaambia, tazameni ufundi wa kiwanda, mashine gani hiyo inayopasua unywele! Ukimaliza kioo nayo, tena kwa maji ya mvua, maana maji ya kisima na ya bomba yanaacha madoa meupe, kioo kinakuwa kama hakipo.

Jina likaenea mjini. Watu wa nyumba za ghorofa wakawa wananiambia, "Njoo, lakini uje na Boa." Vijana wa kijiweni walinitania kwamba mzee unatuboa na Boa yako, nami nilicheka nao, kifua mbele. Somoe, mke wangu, alinionya nisiipende brashi kuliko watu. Niliiosha kila jioni na kuianika uani kwenye kamba, pembeni ya sare za shule za Zuhura, binti yetu.

Ndipo msikiti wa mtaani kwetu ukajengewa upya ukuta wa mbele, ukawekwa madirisha marefu ya alumini. Ilikuwa Shaabani, Ramadhani inakaribia, na mafundi walikuwa wameacha vioo vimejaa rangi na simenti. Sheikh Nassoro, imamu wetu, akaniita mbele ya wazee akaniuliza kama naweza kuvisafisha. Nikasema naweza, na sitaki malipo, ni sadaka yangu. Mzee mmoja akauliza kama vioo havitachunika. Basi nikaiinua ile brashi juu, palepale ukumbini, watu wakiwa wamekaa kwenye majamvi, nikasema kwa sauti ambayo hata wa nje waliisikia:

"Msiwe na wasiwasi, masheikh. Hii ni Boa halisi!"

Wakaitikia mashallah. Maneno hayo nayasikia mpaka sasa, hasa nikiwa peke yangu, na huwa najikuta nimefumba macho.

Nilifanya kazi siku nzima. Maji yalitiririka ukutani, yakaenda barazani ambako watu hupita na miguu mibichi wakitoka kutawadha, mengine yakaingia ndani kwa chini ya milango. Sikujali, nilijua ni maji safi ya mvua. Jioni vioo vilikuwa vinang'aa, na watu walinipa mkono kama nimetoka kuhiji.

Wiki iliyofuata mama mkwe wangu alikuja kutoka Nanyamba kumwona Zuhura, aliyekuwa na homa. Inabidi niwaeleze ninyi wa siku hizi mnaopiga soga na wakwe zenu. Kwetu, mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Jina lake sikuwahi kulitaja na sitaanza leo. Nikiingia uani, yeye alivuta kanga akageuza uso, nami niliinama nikapita upande. Hatukusemezana ana kwa ana. Akitaka kuniambia jambo alimwambia Somoe, hata kama mimi nimekaa hatua chache kutoka kwake na nasikia kila neno, na mimi nilijibu kupitia Somoe vilevile. Msione ni uadui. Ilikuwa ndiyo heshima yenyewe, na mkwe aliyestahiwa hivyo alijua anathaminiwa. Na huyu mama alinithamini. Somoe aliniambia kwamba habari za madirisha ya msikiti zilifika Nanyamba kabla yake, na kwamba alijisifu kwa majirani.

Jumatano ile nilikuwa barazani natengeneza mpira uliotoboka. Yeye alikuwa uani anaanua nguo. Nikamsikia anamwita mwanawe.

"Somoe. Hiki nini kwenye kamba?"

"Brashi ya Baba Zuhura, mama. Ndiyo ile ya msikitini."

Ndipo ikaja sauti yake, taratibu:

"Hebu mwambie mumeo nywele hizi mie nazijua. Zinabaki kwenye kamba nilizozungushia shamba langu la muhogo kila mwaka, wakipita wale. Ntu asinidanganye. Unywele wa nguluwe unapasuka nchani. Mnyama mwingine simjui wa hivyo."

Kumbe ule ufundi wa kiwanda! Nilitoka pale barazani nimeshika mpira mkononi, sijui hata niliufanyia nini. Nilichomoa unywele mmoja nikauchoma kwa kiberiti. Na hili vijana lishikeni, ndilo somo kubwa la karatasi hii: nailoni ukiichoma inayeyuka na kujikunja kidonge cheusi, na inanuka plastiki. Nywele za mnyama hazitoi kidonge. Zinasinyaa zikawa majivu, na zinanuka kama ukucha ulioungua. Uani kwangu pakanuka ukucha.

Bado nikataka kujitetea, nikasema labda ni farasi. Nikaibeba Boa ndani ya gunia mpaka kwa Mwalimu Chilumba, jirani yetu aliyefundisha Kiingereza sekondari, nikamwonyesha yale maandishi. Aliyasoma, akanitazama, akayasoma tena. Akaniambia lile si jina la kiwanda. Ni nguruwe dume.

Nilirudi nyumbani nikawaza mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa la maana. Niliwaza kwamba nimesimama katika nyumba ya Mungu nikawatangazia Waislamu kwamba nimewaletea nguruwe halisi, nao wakasema mashallah. Niliwaza mji mzima utakavyocheka. Niliwaza wateja. Somoe aliniuliza nitakwenda lini kwa Sheikh, nikamwambia kesho. Kesho yake nikamwambia homa ya mtoto ipungue kwanza. Ikapungua. Nilijiambia kwamba vioo vimekwisha kukauka, baraza limekwisha kukauka, na asiyejua hana dhambi. Hayo nilijihubiria mwenyewe na mimi mwenyewe nikaitikia amina.

Ijumaa nikaenda kusali. Nilidhani nitamwona Sheikh kabla ya sala, lakini nilichelewa makusudi. Nilikaa safu ya nyuma karibu na viatu. Na Sheikh Nassoro, Mungu amrehemu, katika mawaidha yake akataja watu wanaotoa sadaka kwa kazi za mikono yao, akanyoosha kidole kwenye madirisha. Watu wakageuka kunitafuta. Mwenzangu wa pembeni akanipiga bega. Nikatabasamu. Vijana, nilitabasamu! Tuliposimama kusali, kioo mbele yangu kilikuwa safi kiasi kwamba niliona kivuli cha uso wangu.

Nilipofika nyumbani Somoe alikuwa ameenda bombani. Mama mkwe alikuwa peke yake uani anamenya muhogo. Niliinama nipite upande wangu kama kawaida. Nikangoja kusikia kanga inavutwa. Haikuvutwa. Nikainua macho kidogo, nikamkuta ananitazama usoni, kichwa wazi, kisu mkononi.

"Umesema?"

Nilitazama nyuma yangu nikidhani anaongea na mtu mwingine.

"Nakuuliza wewe. Umesema huko?"

"Bado, mama."

"Na umesali nao?"

Alitupa ganda la muhogo, akachukua muhogo mwingine. Sauti hakuipandisha hata kidogo.

"Mie nilijua binti yangu nimemwozesha ntu," akasema.

Ni miaka mingi sasa. Nimeanguka kutoka kwenye ngazi, nimezika wazazi, nimefukuzwa kazi mbele ya watu. Hakuna kilichonifikia kama kile kitendo cha mama yule kutonifunikia uso. Angenitukana ningeweza kukasirika. Lakini aliacha tu kuniona mkwe, akanisemesha kama anavyosemesha mtu yeyote aliyepita njiani akavunja ua lake.

Sikuingia hata ndani. Niligeuka nikachukua gunia lenye brashi nikaenda msikitini. Nilimkuta Sheikh anangoja alasiri na wazee wawili. Nikavua kofia, sijui kwa nini, nikamwambia yote: nywele, moto, maandishi, Mwalimu. Mmoja wa wazee alianza kucheka, akaona uso wa Sheikh akaacha.

"Umejua lini?" Sheikh akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema leo. Hakuna ambaye angebisha.

"Jumatano, Sheikh."

Akasema, "Na mchana huu nilipokusifu ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Waliosali bila kujua hawana neno. Na wewe brashi uliishika hujui, hilo nalo halina neno. Kesho tutaosha mara saba, moja kwa maji ya udongo, ukuta, baraza na vioo, kama sheria inavyotaka kwa najisi ya mnyama huyu. Hilo ni letu sote, tutasaidiana." Akalisukuma lile gunia kwa fimbo likanisogelea. "La kunyamaza ni lako peke yako. Hilo sina maji yake."

Jumamosi nilifanya kazi ambayo hakuna muosha vioo aliyewahi kuifanya kabla yangu: nilichanganya udongo mwekundu na maji kwenye ndoo nikayapaka madirisha yaliyokuwa safi. Vijana wa kijiweni walikuja kusaidia na kunisimanga kwa pamoja. "Boa! Hapa pembeni hapajapata tope!" Akina mama walileta maji ya bomba kwa foleni, na Somoe alikuwa miongoni mwao. Nilitumia brashi ya nailoni, ile nyembamba. Baada ya mara ya saba vioo vilikuwa na madoa meupe ya chumvi ya maji ya bomba kutoka juu mpaka chini, vibaya kuliko vilivyokuwa siku mafundi walipoviacha. Hakuna aliyelalamika, na mimi sikuthubutu kutaja maji ya mvua.

Boa niliizika nyuma ya nyumba, na nitasema hata hili lisilostahili kusemwa: nilipokuwa naifukia, machozi yalinitoka, na hayakuwa ya toba. Nilikuwa naililia brashi. Mpaka leo nikishika nailoni nzuri namna gani, mkono wangu unaikumbuka ile nyingine, na naona aibu kwa ajili ya mkono wangu.

Jioni ile nilirudi nyumbani nimejaa tope mpaka kwenye nyusi. Somoe alikuwa jikoni. Mama yake alikuwa amekaa mkekani na Zuhura. Nilisimama mlangoni mwa uani nisijue nipite wapi, maana sikujua tena mimi ni nani pale nyumbani. Nikainamisha kichwa nikatembea. Nilipofika karibu na mkeka nikasikia kanga inavutwa, na mama mkwe wangu akageuza uso ukutani.

"Somoe," akaita kwa sauti, nami nimesimama pale pale. "Mwambie nkwe wangu maji ya kuoga yapo tayari."